Video Imetazamwa Mara 58,000, Tumeuza Madumu Matatu

SWALI

Habari za kazi, washauri. Mimi ni afisa mauzo wa kampuni ndogo ya kukamua mafuta ya alizeti, tuko Kizota hapa Dodoma. Wafanyakazi ni tisa ukimjumlisha mkurugenzi. Tunauza chupa ya lita 1, dumu la lita 5 na dumu la lita 20, na alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tunayo kwenye lebo. Wanunuzi wetu wa siku zote ni wenye maduka na wakaanga chipsi. Tulitaka kuwafikia na watu wa majumbani: Ilazo, Kisasa, Area D, pamoja na watumishi wa Mtumba, kwenye mji wa Serikali.

Tukampa kijana anayejua kamera Sh650,000 atutengenezee video. Imetoka ya dakika 2 na sekunde 40. Inaanza na nembo yetu inayozunguka, halafu droni inapita juu ya kiwanda na mji, mkurugenzi anaeleza historia na dira ya kampuni, kisha zinaonekana chupa zimepangwa juu ya jiwe saa 6 mchana, na mwishoni kabisa kuna mashine ikikamua. Tukaiweka TikTok na Instagram, tukaiboosti Instagram (yaani tukalipia isambazwe) kwa Sh300,000 siku 10, Tanzania nzima, lengo tukachagua watu watembelee ukurasa. Ilitazamwa mara 58,000. Laiki 2,100. Komenti nyingi zinauliza "bei?", kijana anajibu "njoo DM", yaani kwenye ujumbe wa faragha. Mauzo tunayoweza kusema yametokana nayo ni madumu matatu ya lita 20.

Tukajaribu vichekesho. Mchekeshaji wa hapa mjini akaigiza mume anayegombana na mkewe kwa ajili ya mafuta. Hiyo ilipita 120,000. Watu wanarushiana kwenye magrupu hadi leo, ila ukimuuliza mtu ilikuwa ya mafuta gani, hajui.

Sasa mkurugenzi anataka tumlipe mtu maarufu wa Dar es Salaam Sh milioni 2 atutangaze. Roho yangu inasita, lakini sina hoja ya kumpelekea mzee. Kijana naye anasema tatizo ni kwamba hatutaki kununua kamera nzuri. Tatizo liko wapi, na tufanye nini kwa bajeti isiyozidi Sh400,000 kwa mwezi?

Afisa mauzo, Kizota

JIBU

Ndugu afisa mauzo, kamera haina kosa. Hata kijana kosa lake ni dogo.

Tuanze na hizo 58,000, maana ndizo zilizomchanganya mkurugenzi. TikTok na Instagram huhesabu mtazamo mara tu video inapoanza kucheza. Aliyepitisha kidole baada ya nusu sekunde yumo humo, sawa na aliyetazama hadi mwisho. Fungua takwimu za video yenyewe, tafuta wastani wa muda wa kutazama na ule mchoro unaoonyesha watu wanavyopungua sekunde kwa sekunde. Kwa video inayoanza na nembo inayozunguka, tegemea kuuona mchoro ukiporomoka kabla ya sekunde ya 5. Mafuta yenu yanatokea dakika ya pili. Wengi hawakuwahi kuyaona. Waliona nembo ya kampuni wasiyoijua, wakaendelea na safari yao.

Boosti nayo ilifanya kazi mliyoituma. Ukiuambia mfumo ulete watembeleaji wa ukurasa, unakwenda kuwatafuta watu wenye tabia ya kubonyeza kurasa, wawe Bukoba au Mtwara. Dumu la lita 20 la Kizota halifiki Bukoba kwa bei inayoeleweka. Kwa Sh300,000 mlizoweka, kila dumu lililouzwa limebeba Sh100,000 ya matangazo, na hapo hatujagusa 650,000 za kijana.

Lakini pesa yenyewe imemwagikia kwenye "njoo DM". Mtu wa Ilazo ameona mafuta, ameuliza bei hadharani, na anaambiwa aingie chumbani. Anahisi bei inapangwa kwa kumwangalia sura, au kwamba ni matapeli. Na pale pale kwenye komenti kuna wengine waliokuja kusoma jibu hilo hilo, wakalikosa. Bei iandikwe: kwenye video, kwenye maelezo chini ya video, na kwenye komenti iliyobandikwa juu. Mkihofia mshindani kuiona, mshindani alishaijua tangu asubuhi. Alimtuma mtoto dukani kwenu.

Vichekesho vipimeni kwa njia rahisi: toa mafuta kwenye hadithi, weka sabuni ya unga. Kama kichekesho kinabaki vilevile, basi mmemtangaza mchekeshaji. Alichofanya yeye ni kazi nzuri, kwa ajili yake.

Video inayouza hujibu swali ambalo mnunuzi alishauliza. Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji simu wala kamera. Chukua daftari, pitia ujumbe 100 wa mwisho mlioupokea WhatsApp na DM, kisha kaa dukani kwenu siku mbili usikilize watu wanavyouliza kabla ya kutoa hela. Andika swali kwa maneno yao, piga vijiti kila linapojirudia. Kwa mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa hapa hapa, hutakosa haya: mbona yanatoa povu? Mmechanganya? Yana harufu? Yanakaa muda gani? Mnaleta mpaka nyumbani? Swali lenye vijiti vingi ndilo video ya kwanza. Maswali nane ni video za mwezi mzima, na hapo bado hujakodi droni.

Kuna kampuni ya Marekani iitwayo Blendtec, ya jimbo la Utah, inayotengeneza blenda. Mwanzilishi wake, Tom Dickson, alikuwa na kawaida ya kuzijaribu mashine zake kwa kuzisagia vipande vya mbao. Mwaka 2006 ofisa masoko wake, George Wright, alipoona vumbi la mbao sakafuni hakuandika hadithi yoyote. Alinunua vitu vya dola kama 50, zikiwemo gololi na reki ya bustani, akamvalisha bosi koti jeupe la maabara, wakamrekodi akivisaga na kuweka YouTube. Video zile zilisambaa duniani, na swali la mnunuzi wa blenda, kwamba hii itadumu kweli, likawa limejibiwa bila mtu kutaja neno "imara". Jaribio lilikuwepo kiwandani miaka yote. Kilichokosekana ni kamera.

Kwenu jaribio ni povu. Tuichukue hiyo hatua kwa hatua.

Mafuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa kwa mitambo mikubwa hubeba ute wa mbegu na chembe za maji. Vikikutana na moto, povu linapanda. Kuyaacha yatuame siku kadhaa na kuyachuja hupunguza hali hiyo, hakuimalizi. Basi chukueni glasi mbili zinazofanana. Moja mimina mafuta yaliyotoka mashineni leo, bado ya mawingu. Nyingine mimina yaliyotuama na kuchujwa. Ziwekeni mbele ya dirisha ili mwanga upite katikati ya mafuta kuelekea kamera. Mafuta yakimulikwa kwa mbele yanafanana na maji machafu, yakimulikwa kwa nyuma yanawaka kama asali. Kisha sufuria mbili za ukubwa mmoja, jiko moja, kipimo kimoja cha mafuta, viazi vya kiasi kilekile. Vikausheni viazi kwa kitambaa kabla ya kuvitumbukiza, maana kiazi chenye maji kinatoa povu hata kwenye mafuta mazuri na jaribio lenu litakuwa la uongo.

Sekunde 0 hadi 2: sufuria inayotoa povu, kwa karibu sana, bila salamu, na sauti inasema, "Mafuta ya alizeti yanakutolea povu? Ona sababu." Sekunde 3 hadi 10: glasi mbili. Hadi sekunde 25: sufuria mbili zikikaanga, maelezo kwa sentensi tatu. Hadi sekunde 32: dumu lenu la lita 5, bei, mahali mlipo, namba ya WhatsApp. Basi. Na msiseme "povu halitoki kabisa". Semeni linapungua. Mama atakayenunua leo atakaanga kesho, na komenti yake itakaa chini ya video hiyo mwaka mzima.

Jaribio jingine linalopendwa ni la friji: mafuta ya mawese huanza kuganda, ya alizeti hubaki yanamiminika. Lipo sahihi, lakini lina mtego. Alizeti isiyosafishwa ina nta kidogo itokayo kwenye maganda, nayo ikipoa huweza kuleta ukungu. Jaribuni kwanza bila kamera. Na chupa ya mwenzenu isionekane lebo.

Sasa upigaji. Simu ya kawaida inatosha, ikiwa imesimama wima, pikseli 1080 kwa 1920. Futa lenzi kwa kitambaa cha pamba kila mara. Kiwandani kwenu kila kidole kina mafuta, na alama ya kidole juu ya lenzi ndiyo ule ukungu ambao kijana anaulaumu kwenye kamera. Chini ya taa za karakana picha huweza kupepesa, kwa sababu umeme wetu ni wa Hertz 50 na taa nyingi huzimika na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Ingia kwenye mpangilio wa kitaalamu wa kamera, weka kasi ya shata (muda wa lenzi kupokea mwanga) sekunde 1/50 au 1/100, itatulia. Rekodini kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, kabla upepo wa Dodoma haujaamka na jua halijasimama utosini. Sauti msirekodi pembeni ya mashine. Anayeeleza aingie kwenye gari, afunge vioo, ashike simu umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, aseme maneno yake, mtayapandisha juu ya picha baadaye. Gari lililofungwa ni studio isiyodaiwa kodi.

Wengi hutazama bila sauti, ofisini au kwenye daladala, kwa hiyo maneno muhimu yaandikwe kwenye picha. Yaandikeni kwa mkono, msiyaachie programu itafsiri sauti yenyewe; Kiswahili chake kinaweza kuwaaibisha. Yakae katikati au juu kidogo: robo ya chini inafunikwa na maelezo, na upande wa kulia kuna alama za laiki na komenti. Kijana akikutumia video kwa WhatsApp, aitume kama faili. Akiituma kama video ya kawaida inabanwa, na mtapandisha mtandaoni kitu kilichokwisha kuchoka.

Muziki: kama akaunti yenu ya TikTok ni ya biashara, hairuhusiwi kutumia kila wimbo, ila ule wa maktaba ya kibiashara tu. Watu hukwepa kwa kurudi akaunti binafsi na kuweka wimbo unaovuma wa Bongo Fleva. Video hunyamazishwa sauti, au mwenye haki anakuja kudai. Sauti ya mafuta yakichemka inatosha, na haidai chochote.

Njia ya pesa iwe fupi. Sajilini namba ya dukani kwenye WhatsApp Business, pangeni katalogi yenye bidhaa zote tatu na bei, ujumbe wa kukaribisha, na majibu ya haraka kwa maswali yale ya daftarini. Kiungo cha wa.me, kile kinachofungua WhatsApp yenu moja kwa moja, kikae kwenye ukurasa ili mtu asihangaike kunakili namba. Jina linalotokea mteja anapolipa kwa Lipa Namba liwe la kampuni; likitokea jina la mtu binafsi, mteja wa mara ya kwanza anaghairi hapo hapo, na ana haki. Gharama ya bodaboda iandikwe kwa maeneo: mjini kati, Nzuguni, Mtumba. Watumishi wa Mtumba wanafaa kuletewa kwa pamoja, mara mbili kwa wiki, mzigo mmoja, jioni wanapotoka kazini. Na atafutwe mtu mmoja wa kujibu ndani ya dakika 10 kati ya saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Boosti yoyote isiyo na mtu wa kujibu ni kumwaga maji kwenye mchanga wa Kizota.

Kujua video ipi imeleta nani, ipeni kila video neno lake la siri: "tuma neno POVU upate bei ya leo", nyingine "tuma neno DUMU". Daftari la mauzo liongezwe safu moja. Baada ya wiki nne utakuwa na hoja ya kumpelekea mzee, kwa namba za shilingi.

Video ikae siku tatu bila kulipiwa. Ikionyesha watu wanaitazama zaidi ya nusu ya urefu wake na wanauliza kununua, hiyo ndiyo ya kuboosti. Ile iliyolala msiiamshe kwa hela. Lengo chagueni ujumbe wa WhatsApp, eneo chagueni duara la kilomita 25 kutoka katikati ya jiji, Sh5,000 kwa siku, siku nne. Tuseme 20,000 hizo zimeleta ujumbe 11, wakanunua watatu, na faida ya kila dumu ni Sh9,000. Umepata 27,000, umebakiwa na 7,000. Ni ndogo, ndiyo. Lakini dumu la lita 20 likiisha mtu hurudi, na safari ya pili hailipiwi tangazo. Hesabu ikija hasi mara mbili, badilisha video kwanza, bajeti uiache ilivyo.

Mtu maarufu wa Dar es Salaam: hapana, kwa sasa. Kabla ya kumwambia mzee hapana, mwombeni huyo mtu arekodi skrini ya takwimu zake, msikubali picha iliyopigwa tu, aonyeshe wafuasi wake wako miji gani. Mkiona Dodoma ni sehemu ndogo, mtajua milioni 2 nyingi zinalipia macho ya Kinondoni na Temeke. Kwa sehemu ndogo ya pesa hiyo, tafuteni watu wanaotumia mafuta mbele ya watu: mkaanga chipsi mwenye foleni, mama wa maandazi Soko la Majengo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayepika hosteli na ana wafuasi 4,000 wanaoishi jirani naye. Mpeni kila mmoja dumu na neno lake la siri, na kamisheni kwa kila mteja atakayekuja nalo. Karatasi ya makubaliano iseme video ngapi, mtazitumia miezi mingapi, na kwamba atasema wazi ni tangazo. Asitaje kutibu presha wala kisukari. Mafuta ya kula ni chakula, na madai ya tiba yatawaletea wageni wasiokunywa chai.

Mteja akirekodiwa dukani, aulizwe na akubali, ikiwezekana kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa sura yake na pia namba yake ya simu mnayoihifadhi.

Kalenda yenu mnayo tayari. Bunge la bajeti linapoanza Aprili mji unajaa, migahawa inakaanga mchana kutwa: hapo zitoke video za lita 20. Alizeti mpya ikianza kuingia kuanzia Mei na Juni, onyesheni magunia ya Kongwa na Chemba yakishushwa, mbegu ikipita kiganjani. Nanenane ya Nzuguni mwezi wa nane rekodini maswali ya watu bandani. Ni daftari jipya la bure.

Komenti mbaya msizifute. TikTok inaruhusu kuijibu komenti kwa video, na "mafuta yenu yananuka" ni swali zuri kuliko laiki 2,000. Mwonyesheni kwamba mwanga, joto na hewa ndivyo vinavyoharibu harufu, na dumu likae kabatini, limefungwa. Ila kabla ya hapo iondoeni ile sehemu ya chupa juu ya jiwe saa 6 mchana. Anayeyajua mafuta akiiona, ameshapata jibu lake.

Kijana msimfukuze. Mhamishieni meza yake karibu na kaunta asikie watu wanavyouliza. Kazi yake ya Jumatatu iwe kufungua ile video ya dakika 2 na sekunde 40, aende mwisho, pale mashine inapokamua, akate zile sekunde chache ambapo mafuta yanaanguka na mashudu yanatoka upande wa pili, aweke bei juu yake na neno la siri. Hicho kipande mmeshakilipia.